Biberoni Tatu, Mtoto Mmoja

Mwanangu wa kwanza alitimiza mwaka mmoja akiwa na meno sita, na meno yote sita hayakuwa na kazi. Aliishi kwa biberoni, chupa ya kunyonyea maziwa. Asubuhi biberoni, mchana biberoni, jioni biberoni, na katikati akilia tunampa tena, kwa sababu hatukujua njia nyingine ya kumnyamazisha. Ukimletea kijiko alifunga mdomo akakutazama machoni, bila hasira yoyote, akisubiri uchoke. Nami nilikuwa nachoka upesi.

Wapo majirani pale mtaani kwetu Mapendo, Goma, waliosema nilimdekeza kwa uvivu. Waongo. Alipokuwa na miezi mitatu nilishikwa na homa kali, maziwa yangu yakakauka kabisa, na aliyemwokoa mtoto alikuwa mama mkwe. Yeye ni mtu wa Masisi, mtu wa ng'ombe. Alituma habari kwa kaka yake huko milimani, na siku mbili baadaye bidoni, dumu zima la maziwa, iliingia Goma juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Akayachemsha mwenyewe, akayazimua kwa maji, akanunua biberoni sokoni Birere, akampakata mjukuu wake na kuniambia nilale.

“Kwetu mutoto hakosake maziwa,” alisema.

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu. Lakini ni kweli alimwokoa, na ndiyo maana biberoni ilikuwa mali yake, na mimi katika jambo hilo nilikuwa mgeni.

Mimi ni Munande wa Butembo, na kazi yangu ilikuwa samaki. Kabla ya kuzaa, kila wiki nilipanda kamio, lori la mizigo, pamoja na wanawake wenzangu, tukaenda Vitshumbi kule ziwani kununua samaki wa kukaushwa kwa moshi na wa chumvi, tukarudi kuwauza Goma. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyokubali kusema mbele ya watu wa ukweni. Nilipenda kukaa juu ya magunia, upepo usoni, tukiwasengenya waume zetu kwa sauti kubwa, bila mtu wa kutuuliza chakula kitaiva lini. Tangu mtoto azaliwe sikuwa nimekwenda hata mara moja. Nilikuwa nikiona kamio linapita, nageuza uso.

Kwa mama mkwe samaki hakuwa chakula. Wazee wa kwao hawakumla, na yeye mwenyewe aliamini kwa moyo wote kwamba maziwa na samaki havipaswi kukutana katika tumbo moja. Vikikutana, ng'ombe wanaumia huko huko walipo. Kwa hiyo nilipotaka kula samaki wangu nilipika nje, kwa chungu changu, na nikasukutua mdomo kabla ya kuingia kumsalimu. Niliitii sheria hiyo. Mara nyingi.

Mji wakati ule ulikuwa mikononi mwa waasi. Kwetu Butembo nako kulikuwa na waasi, lakini wengine, wasiopatana na hawa wa Goma, kwa hiyo mama yangu mzazi hakuweza kuja kumwona mjukuu bila kuvuka majeshi mawili na kujieleza kwa yote mawili. Bibi mmoja tu ndiye aliyekuwepo, naye akatawala bila upinzani.

Aliyeanzisha vita vya nyumbani ni muuguzi wa kituo cha afya. Siku ya kupima uzito alivuta chini kope ya mtoto, akatazama, akaguna.

“Huyu mutoto ni mweupe ndani. Maziwa tu, maziwa tu, damu itatoka wapi? Mama, akule.”

Nilirudi nyumbani nikiyabeba maneno hayo kama zawadi. Niliyarudia mbele ya mama mkwe neno kwa neno, pamoja na lile guno. Kisha nikaongeza la kwangu: mtoto akianza kula, mimi narudi Vitshumbi.

Mama mkwe alikuwa akichagua mawe kwenye mtama. Hakuinua kichwa.

“Mama ya biberoni haendake safari,” alisema. “Siku atakula bakuli muzima mbele yangu, siku ile utapanda kamio.”

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyetuogopa sisi wawili kwa kipimo sawa, alisema anaona hayo ni maneno ya haki. Basi ikawa sheria. Bakuli moja, zima, mbele ya macho yake. Nilimtazama mwanangu mikononi mwangu nikajisemea: hata kwa kijiko cha dawa, wewe utakula.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tuliitupa biberoni chooni, wote watatu tukiwa tumesimama. Mtu asiyekaa Goma hawezi kuelewa aibu ya jambo hilo. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, choo hakichimbiki; unapasua mwamba wiki nzima unapata shimo la kufika magotini, halafu unajenga ngazi kwenda juu. Kwa hiyo biberoni haikupotea. Ilikaa pale chini, ikionekana, na kwa siku kadhaa kila aliyepanda ngazi zile aliikuta inamtazama.

Nilianza na uji wa mtama. Akautema. Nikatia sukari. Akainyonya sukari akautema uji, jinsi alivyoweza kuvitenganisha sijui hadi leo. Nikaponda viazi vya Kibumba na siagi. Akavipokea! Niliita watu, wakaja mbio, naye akavishikilia shavuni nusu saa nzima, akasubiri baba yake avae shati jeupe la kwenda shule, ndipo akamkumbatia na kumpaka vyote begani. Ndizi mbivu alizitumia kusugulia sakafu. Nilijaribu kuimba. Nilijaribu kujifanya nakula mimi na kumnyima, na kwa kweli nilikula, nikashiba, yeye akanipigia makofi.

Kila mchana mama mkwe alikaa kwenye kiti chake kushuhudia. Bakuli likirudi limejaa alisema tu, “Bado,” kwa upole ambao ulinikera zaidi ya matusi.

Sasa niungame. Siku ya nne ya vita hivyo nilikwenda Birere nikanunua biberoni nyingine. Nilikuwa nimechoka na vilio, na mwenye damu kidogo si vizuri alie sana. Hizo ndizo hoja nilizojipa. Niliificha ndani ya chungu changu cha samaki, mahali ambapo mama mkwe asingetia mkono hata kwa kulazimishwa na bunduki. Kila alfajiri, kabla wengine hawajaamka, nilimpa mtoto biberoni nyuma ya nyumba, mara moja tu. Nilijiambia mara moja haihesabiki.

Lililonishangaza ni kwamba mtoto hakukonda. Wiki tatu bila kula kitu cha maana, mashavu yake yako vile vile, na mchana mbele ya bakuli anapiga miayo kama mtu aliyetoka harusini. Nikasema huyu ana nguvu ya ajabu. Biberoni moja ya alfajiri inamtosha hadi kesho yake. Niliona pia kwamba mume wangu alikuwa amepata mapenzi mapya ya kuku wa jirani: kila jioni alitaka kumpeleka mtoto akawaone, na alikwenda na mkoba wake wa chaki. Mama mkwe naye alianza kumchukua chumbani kwake baada ya chakula cha mchana, wasali rozari pamoja, mlango umefungwa. Nilifurahi kwamba mtoto anapata malezi ya dini.

Mambo yalikuwa hapo mlima ulipopasuka.

Tulisikia kwanza mishindo, na kwa kuwa ni Goma, kila mtu alidhani ni mabomu. Watu walibishana barabarani kama ni waasi wapya wanaingia au wa zamani wanapigana wao kwa wao. Nilipotoka nje nikaona moshi upande wa Nyiragongo, na jirani akapiga kelele kwamba ni volkano, nakiri kwamba kwa dakika moja nilipumua. Volkano angalau haikuulizi kitambulisho. Kisha mume wangu akaja mbio kutoka shuleni, viatu mkononi, akasema moto umeshafika uwanja wa ndege. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikavuta kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa chungu changu. Ndani yake kulikuwa na samaki wawili wa moshi niliotumiwa na rafiki yangu wa kamio, na kitu kingine unachokijua. Mama mkwe alichukua mkoba wake wa kanisani. Mume wangu alichukua mkoba wa chaki. Hakuna aliyechukua sahani, wala godoro, wala karatasi za kiwanja.

Tulitembea na mji mzima kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Nyuma yetu mbingu ilikuwa nyekundu mchana kweupe, na joto lilitusukuma mgongoni. Watu walibeba mashine za cherehani, mbuzi, picha za ndoa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na mtoto mgongoni alikuwa anacheka kila mbuzi alipolia.

Mpakani askari walikuwa wakiwaachia watu wapite, lakini aliyebeba mzigo uliofungwa vizuri alisimamishwa, waone kama hajaficha silaha. Sisi tulisimamishwa kwa sababu ya mama mkwe, ambaye aliukumbatia mkoba wake wa kanisani kwa namna ambayo ingemtia shaka hata askofu.

“Fungua,” askari alisema.

“Ni rozari tu, mwana wangu.”

Akaufungua mwenyewe. Akatoa rozari, kitabu cha nyimbo, kitambaa, na biberoni. Ilikuwa na maziwa hadi nusu.

Niligeuka kumtazama mama mkwe. Yeye alikuwa anatazama ziwa.

“Na huo mwingine?” askari akasema. Mume wangu alianza kueleza kwamba yeye ni mwalimu, kwamba ualimu ni wito, lakini mkono wa askari ulikuwa umeshaingia. Biberoni ya pili ilitoka na unga mweupe wa chaki. Sijui nilikuwa na uso gani, najua nilikuwa nimefungua mdomo kuanza kuwasema wote wawili, mama na mwana, pale pale mbele ya wakimbizi, ndipo askari akaangusha macho kwenye chungu changu.

“Hapa ni samaki tu,” nilisema.

Aliinua samaki wa kwanza. Akainua wa pili.

Akazipanga biberoni zote tatu chini, kwa mstari, kama mtu anayepanga risasi alizokamata. Watu wa nyuma yetu walisimama kuangalia.

“Muko na batoto ngapi?”

“Moya,” mume wangu alijibu.

“Moya. Na biberoni tatu?”

Mwanamke mmoja mwenye mbuzi alianza kucheka, mwingine akamfuata, na baada ya muda foleni nzima ya watu waliopoteza nyumba zao ilikuwa inatucheka sisi. Askari alijaribu kuwa mkali, akashindwa. Alipunga mkono kutuambia tupite. Mtoto peke yake ndiye aliyefurahi bila aibu: alikuwa ananyoosha mikono miwili kwa vitu vitatu na hakujua aanze na kipi.

Tulipata nafasi chini ya paa la ukumbi wa kanisa, na wengine wengi. Yale maziwa ya mama mkwe yaliisha jioni hiyo hiyo. Asubuhi yake tulikuwa na biberoni tatu safi kabisa, na hata tone la maziwa hatuna. Mume wangu alizunguka mji mzima na bidoni ya kuazima, akarudi nayo ikigongagonga tupu. Kila mama wa Goma alikuwa anatafuta maziwa Gisenyi siku hiyo.

Mtoto alilia. Hakuwa analia kwa ujanja wake wa nyumbani, wa kufungua jicho moja kuangalia nani anakuja. Alilia kwa njaa, na ilipofika mchana sauti ilianza kukauka. Mwanamke wa pale Gisenyi, ambaye alikuwa akipika bugali, ndio ugali wetu, kwenye sufuria kubwa kwa ajili ya wageni, alituletea kipande kwenye jani. Nilimpa mtoto tonge akalitema. Nikampa tena. Akatema. Niliona sasa kwamba nimemlea mtoto asiyejua kula, na kwamba nilifanya hivyo kwa kujificha nyuma ya nyumba kila alfajiri, na nikaanza kulia pamoja naye.

Mama mkwe akavuta chungu changu karibu, akatia mkono ndani, mkono ambao miaka yote ile haukuwahi kukigusa, akatoa samaki.

“Mama,” nilisema, “maziwa na...”

“Maziwa iko wapi leo?” aliniuliza. “Haiko. Basi itakutana na nini?”

Hakujua miiba inakaa wapi. Alimfungua samaki polepole, kwa vidole vya mtu anayechambua mchele, akapapasa kila kipande mara mbili na tatu, akakibonyeza ndani ya tonge la bugali, akaliweka kwenye mdomo wa mjukuu wake. Mtoto alinyamaza. Alikunja uso. Chumvi na moshi vilimfikia, nadhani, kwa sababu aliacha kukunja uso na taya ikaanza kwenda. Yale meno sita! Alimeza, akafungua mdomo mwenyewe. Alikula bugali wote wa lile jani na nusu ya samaki, na alipoona kipande kimebaki kidoleni mwa bibi yake alikiuma pamoja na kidole.

Tulimtazama wote watatu. Ndipo mama mkwe akaanza kuongea, macho kwa mtoto.

“Ni mimi nilikuwa namupa biberoni kila siku baada ya bakuli. Hata mbele ya bakuli, ashibe. Nilijua akikula, utaenda. Ile barabara inakulaka watu, mama. Kila barriere ya waasi bunduki, kila bunduki na mukubwa yake. Mutoto wangu wa kike alipandaka kamio ya Rutshuru, barabara ile ile, akaniambia nitarudi kesho. Mimi nikamufungia na chakula ya njia.” Alifuta vidole kwenye kitenge chake. “Nilisema huyu muke ya mwana wangu, nitamufunga na biberoni.”

Nilijua alikuwa na binti aliyepotea. Mume wangu alinieleza mara moja tu, kwa maneno machache, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja nyumbani. Sikujua kwamba kila nilipozungumzia Vitshumbi kwa furaha yangu yote, yeye alikuwa anamsikia yule. Nilimshika mkono, ulikuwa unanuka samaki. Nilimwambia sitaenda, nikamwambia basi, nitauza mboga hapa hapa mjini, na wakati ule nilikuwa nasema kweli.

“Ulisema bakuli muzima,” mume wangu aliingilia, mwalimu hadi mwisho. “Pale ilikuwa jani.”

“Nyamaza wewe na kuku zako,” mama yake alimwambia.

Siku ya tatu tulirudi. Nyumba yetu haikuwepo, wala uzio, wala ngazi za choo. Palikuwa na jiwe jeusi lenye joto, likitoa moshi, na majirani wamesimama juu yake wakibishana kiwanja cha nani kinaanzia wapi. Tulijenga kibanda cha mbao mahali tulipokisia ni sebuleni. Mtoto aliendelea kula. Alikula maharagi, sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lengalenga, alikula visamaki vya sambaza vizima na vichwa vyao, na alipokosa chakula alijaribu kula mkaa. Muuguzi alivuta kope yake tena, na safari hii hakuguna.

Mimi nikauza mboga. Sikulalamika. Lakini kamio zilipoanza kupita tena juu ya lava iliyosawazishwa, niligeuza uso kama zamani, na nilidhani hakuna anayeniona.

Asubuhi moja mama mkwe alinikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Ndani kulikuwa na viazi vya kuchoma na jibini la kwao Masisi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilikuwa chakula cha njia.

“Nilikuambia siku atakula, utapanda,” alisema. “Mimi sibadirishake neno.” Lakini mikono yake haikukiachia kifurushi upesi, tukabaki tumekishika wote wawili.

Alinisindikiza hadi barabarani na mtoto, na akakaa naye kwenye jiwe, bakuli la maharagi mapajani, wakisubiri nipande. Nilipanda, nikakaa juu ya magunia matupu kati ya wenzangu. Nilijiandaa. Nilijua atalia, atanyoosha mikono, na nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia kutoka juu, na nilikuwa nimepanga pia, kama atalia sana, kushuka. Injini ikawaka. Nilimwita. Mama mkwe alinitazama bila kupepesa jicho. Mwanangu hakuinua hata kichwa. Alikuwa amezamisha mkono wote kwenye bakuli, anatafuna, na kamio likaondoka.

Nililia tangu pale hadi Kibati. Wanawake wenzangu waliacha masengenyo yao, wakanisogelea mmoja mmoja, hadi mkubwa wao akanishika bega na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa na mtoto.

“Hapana,” nilimwambia. “Anakula.”